Mpangilio wangu wa okestra wa "Malaika" unasikika kama kinanda: nirekebishe wapi?

MwalimuWaSolfa

Wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Morogoro, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika nyimbo za sauti nne kwa solfa. Mpwa wangu anaolewa, naye ameniomba nimtengenezee "Malaika" kwa mtindo wa okestra, bila mwimbaji, upigwe wakati maharusi wanaingia ukumbini. Niliifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Nilipomsikilizisha, alivumilia hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Mjomba, hiki si kinanda cha kanisani?" Swali hilo limeninyima usingizi.

Nota niliziandika katika MuseScore, programu ya kuandikia nota, nikazihamishia kwenye Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti, kama faili la MIDI, yaani maagizo ya nota yasiyo na sauti yenyewe, halafu nikatumia sauti za BBC Symphony Orchestra Discover, ambazo nilizipata bila malipo. Do ni G, mwendo ni mapigo 84 kwa dakika, na kazi nzima ina baa 70, yaani dakika 3 na sekunde 20. Fidla za kwanza nimezipa sauti ya kwanza, fidla za pili sauti ya pili, viola sauti ya tatu, na selo sauti ya nne, huku besi kubwa ikiifuata selo oktavu moja chini. Filimbi na klarineti zinarudia sauti mbili za juu ili kuongeza uzito, na kwenye kiitikio zinaingia tarumbeta, honi na tromboni. Kila chaneli nimeiwekea mwangwi wa ukumbi mkubwa. Nilipoona nyuzi zimepooza nilipandisha velositi, yaani namba ya nguvu ya kugonga kila nota, kutoka 80 hadi 110, lakini sikusikia tofauti yoyote katika nota ndefu, jambo ambalo hadi sasa sijalielewa.

Nimeambatisha faili la sauti pamoja na nota. Naomba mniambie bila kunionea haya: je, ninunue sauti za gharama kubwa zaidi, au kosa liko kwenye mpangilio wenyewe?

FidlaYaUnguja

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa shughuli.

Nimesikiliza mara tatu, mara ya pili nikiwa na nota zako mbele yangu. Tafadhali usinunue kitu chochote kwa sasa. Ulichoandika ni kwaya, tena kwaya nzuri iliyopangwa na mtu anayezijua sauti nne. Tatizo ni kwamba wanakwaya wako umewavua majoho ukawashikisha fidla, na mpwa wako amewatambua.

Ukiiweka besi kubwa kando, muziki wako wote unaanzia G ya selo na kuishia E ya fidla, eneo lisilofika oktavu tatu, na hapo ndipo sauti za binadamu zinapokaa. Kinanda cha kanisani nacho hupigiwa nyimbo za sauti nne katika eneo hilo hilo, kwa hiyo sikio linapolisikia linakumbuka kinanda. Okestra haijifungi hapo. Fidla inaanzia G iliyo chini ya C ya kati na kupanda zaidi ya oktavu tatu, na besi kubwa inashuka hadi E yenye takriban hezi 41. Hakuna anayekulazimisha kuyatumia maeneo yote hayo kwa wakati mmoja, lakini msikilizaji anapaswa kuhisi kwamba nafasi ipo na kwamba muziki unaweza kuhama.

Tazama baa ya 14. Sauti yako ya tatu imeshuka hadi B, nota ambayo mwimbaji wa sauti hiyo anaifikia bila shida. Viola haina nota hiyo, kwa sababu kamba yake ya chini kabisa ni C iliyo juu yake nusu hatua. Sikiliza faili lako hapo: kuna shimo dogo, viola imenyamaza kwa mapigo mawili, na kompyuta haikukuonya. Makosa ya aina hii hayatibiwi kwa sauti za bei ghali.

Sasa njoo baa ya 17, kiitikio kinapoanza. Selo inapiga do chini kabisa, na juu yake palepale tromboni ya pili imeshika mi, kisha tromboni ya kwanza sol. Nota tatu zilizobanana hivyo kule chini hutoa mngurumo, si akodi, yaani nota zinazolia pamoja kwa kupatana. Katika kwaya huwezi kuusikia ubaya wake sana kwa kuwa sauti za watu ni laini na zina maneno yanayozitenganisha, ila kwa tromboni hali ni nyingine kabisa. Iache do peke yake kwa selo na besi, ipandishe tromboni ya chini hadi sol, na mi umpe viola oktavu moja juu. Kadiri unavyoshuka, ndivyo nota zinavyohitaji kuachana. Huko juu zinaweza kukaribiana upendavyo. Mabadiliko hayo ni ya nota mbili tu, nami nimeyajaribu hapa kwangu kabla ya kukuandikia: ukungu wote wa kiitikio uliondoka.

Kuhusu filimbi, umeipa wimbo ule ule wa fidla za kwanza, kwa kimo kile kile, tangu baa ya 1 hadi ya 70. Kwenye nota zake za chini filimbi ina sauti nyembamba ambayo fidla kumi na sita zinaimeza bila kujitambua, kwa hiyo umemwajiri mtu asiyesikika. Ama ipandishe oktavu moja juu pale unapotaka mwanga, au iondoe na uiache ije peke yake baadaye. Halafu kuanzia baa ya 25 umeipa kifungu cha baa nane bila pumziko hata moja. Nimepiga hesabu: mapigo 32 kwa mwendo wa 84 ni karibu sekunde 23. Wewe mwalimu wa kwaya, ungemwandikia mwanakwaya wako kifungu hicho? Sampuli, yaani sauti ya ala iliyorekodiwa tayari, haina mapafu, lakini anayesikiliza anayo, naye huanza kuchoka bila kujua sababu.

Suala la nguvu za ala nalo lina utaratibu wake. Rimsky-Korsakov, mtunzi wa Kirusi aliyekuwa bingwa wa kazi hii, alikadiria kwamba ala zinapopigwa kwa nguvu, tarumbeta moja ni sawa na honi mbili, na honi moja ni sawa na ala mbili za kupuliza za mbao. Kwenye kiitikio chako klarineti moja imebeba mi ya akodi huku tarumbeta mbili zikibeba do. Najua utasema kwamba umeipandisha klarineti kwenye mchanganyo hadi ikasikika. Ndiyo, inasikika, lakini inasikika kama klarineti iliyosogezwa hadi sikioni huku tarumbeta zikibaki mwisho wa ukumbi, na uongo huo sikio linaukamata. Sawazisha kwanza kwenye nota, ndipo uguse vitufe.

Ningependa pia usiogope sauti moja. Mimi napiga fidla katika taarabu, ambako tangu zamani, kwa kufuata okestra za Misri, fidla zote hubeba wimbo mmoja pamoja na kuupamba, na hakuna anayelalamika kwamba akodi hazitoshi. Ubeti wako wa pili ungeweza kuanza hivyo: fidla za kwanza na za pili pamoja, viola oktavu moja chini yake, selo ikidonoa kwa vidole, na wengine wote wakae kimya. Akodi ikirudi baada ya baa nane, itasikika kama mlango uliofunguliwa. Katika baa zako 70 hakuna ala ya nyuzi iliyonyamaza hata baa mbili mfululizo, na nadhani hapo ndipo pa kuanzia kabla ya jambo jingine lolote.

Nakuachia na utani kidogo: ni wimbo wa kijana asiye na mali ya kuolea, nasi tunaupiga kila harusi mbele ya watu walioshamaliza kutoa mahari.

ChumbaChaMchanganyo

Mwalimu, habari za Morogoro. Naandika kutoka Nairobi, ambako kazi yangu ya kila siku ni kurekodi na kuchanganya sauti. Mengi aliyosema mwenzangu wa Unguja nayakubali, kwa hiyo nitakaa upande wa kompyuta.

Fumbo lako la velositi lina jibu fupi. Katika sauti ulizonazo, kama ilivyo katika nyingi za aina hiyo, velositi huamua nguvu ya nota fupi tu, yaani zile za kudonoa na za upinde mfupi. Nota ndefu hutawaliwa na kidhibiti namba 1 cha MIDI, kile kinachofungwa kwenye gurudumu la kinanda, na kidhibiti namba 11 hupandisha na kushusha ujazo juu yake. Faili lako lilipotoka MuseScore halikuwa na mchoro wowote wa maana kwenye kidhibiti namba 1, ndiyo maana nyuzi zako zimesimama mahali pamoja kama taa ya barabarani. Mpiga fidla halisi habaki na nguvu moja hata kwa pigo moja: upinde unaingia, unakaza, unaachia.

Nilichukua baa zako nne, kuanzia ya 9 hadi ya 12, nikachora kidhibiti namba 1 cha fidla za kwanza kikianzia 45, kikapanda taratibu hadi kama 80 kwenye nota ya juu ya kifungu, kikashuka hadi 50 kabla ya pumzi. Kisha nikamchorea selo mchoro wake mwenyewe unaofikia kilele nusu pigo baadaye. Usinakili mchoro mmoja kwa ala zote, kwa sababu okestra ikipumua kwa pamoja kabisa inarudi kuwa kinanda kile kile, safari hii chenye pedali ya sauti. Ni kazi ya kuchosha, nami sina njia ya mkato ya kukupa. Ukiwa na kinanda chenye gurudumu, piga chaneli moja moja huku mkono wa kushoto ukiongoza gurudumu, nawe utamaliza mapema kuliko kuchora kwa kipanya.

Jambo la pili ni mwendo. Nota zako zote zimekaa juu ya mstari kamili na mapigo 84 hayabadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe ni mwimbaji, kwa hiyo tumia ulichonacho: jirekodi ukiimba "Malaika" peke yako, bila kusikiliza kompyuta, kisha uutie mwendo wa sauti yako kwenye ramani ya mwendo ya Reaper. Utagundua kwamba unashuka hadi 79 au 80 unapokaribia mwisho wa ubeti na kurudi juu kiitikio kinapoanza. Kuzisogeza nota ovyo kwa bahati nasibu, kama programu nyingi zinavyoshauri, hakuleti uhai wa namna hiyo, kwa sababu watu wakikosea mwendo hukosea kwa pamoja na kwa sababu fulani.

Mwangwi ndio ulionisikitisha zaidi. Sauti hizo zilirekodiwa katika studio za BBC za Maida Vale, London, kila ala ikiwa kwenye kiti chake cha okestra, fidla za kwanza kushoto na selo kulia, hivyo chumba kimo tayari ndani ya sampuli. Wewe umeweka mwangwi mkubwa juu ya kila chaneli, chaneli 14, kisha ukazisogeza ala kushoto na kulia kwa mara ya pili. Ondoa vyote. Rudisha kila chaneli katikati, tengeneza chaneli moja tu ya mwangwi wa takriban sekunde 2, na uzipelekee ala zote kiasi kidogo huko, za kupuliza kidogo zaidi kwa kuwa hukaa nyuma. Kwenye mwangwi huo kata kila kilicho chini ya hezi 200.

Mwisho, umebana sauti hadi ubeti na kiitikio vinalingana kwa ukubwa. Legeza. Hata ukiipakia YouTube, kazi yenye sauti kubwa kupita kiasi hushushwa na mtandao wenyewe hadi karibu LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), hivyo hujapata faida yoyote na umepoteza kupanda kwa kiitikio. Ila kumbuka kwamba spika za kumbi nyingi za harusi hufungwa kwa chaneli moja, kwa hiyo sikiliza kazi yako kwa chaneli moja pia kabla ya kumkabidhi mtu.

GitaaLaZamani

Naomba nipingane na wote wawili kwa adabu. Mnamsaidia Mwalimu kurekebisha tromboni ambazo hazikupaswa kuwepo. Wimbo huu tuliupokea kutoka kwa Fadhili William ukiwa na magitaa, na akina Miriam Makeba waliouchukua baadaye waliuacha uwe mwepesi. Hautoki sana nje ya akodi tatu, na utamu wake uko kwenye mwendo wa gitaa chini ya sauti iliyotulia. Ukiweka ala zote za shaba, yaani tarumbeta, honi na tromboni, juu yake unapata gwaride. Ningebaki na nyuzi, klarineti moja, honi mbili za kushika nota ndefu na kinubi, kisha ningemwomba kijana mmoja apige gitaa halisi la nyuzi za nailoni na nimrekodi. Ala moja ya kweli mbele ya sampuli huyafanya masikio yaamini zile zilizo nyuma yake.

Kama unakusudia kuisambaza mtandaoni baada ya harusi, pita kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulize kuhusu kibali cha mpangilio, kwa sababu umiliki wa wimbo huu umegombewa kwa miaka mingi.

MwalimuWaSolfa

Marahaba FidlaYaUnguja, na asanteni nyote. Zimepita wiki mbili, na nimerudi na faili jipya.

Nilianza na kalamu na karatasi, si kompyuta. Viola nimeipandisha kila iliposhuka chini ya C. Makosa hayo yalikuwa manne, na hakuna hata moja nililolisikia kabla ya kuambiwa. Ubeti wa pili sasa unaanza kwa sauti moja kama ulivyopendekezwa, na nakiri kwamba mkono ulisita, kwa kuwa mwalimu wa kwaya akiona wenye sauti ya pili na ya tatu wamekaa bila kazi huhisi kama amewanyima haki. Tromboni nimeziondoa kabisa. Tarumbeta nimebakiza moja, na inapiga baa nane tu kwenye kiitikio cha mwisho, kwa sababu mama wa bibi harusi, ambaye ni dada yangu, ameitaka, na katika hilo sina mamlaka.

Gitaa limepigwa na kijana wa kwaya yangu. Tulirekodi katika chumba cha mazoezi usiku, baada ya feni kuzimwa, tukitundika makanzu ya kwaya ukutani ili kuta zisirudishe sauti. Kuhusu vidhibiti, nimechora mchoro wa namba 1 kwa kila ala, na sasa naelewa kwa nini ulisema ni kazi ya kuchosha.

Limebaki jambo moja. Kuanzia baa ya 33 selo inadonoa na fidla zinaimba juu yake, na ingawa nota zote zimekaa mahali pake kwenye gridi, fidla zinasikika kuchelewa. Nikizisogeza kwa mkono, nota zilizoandikwa zinavurugika na siwezi tena kuzisoma.

ChumbaChaMchanganyo

Mwalimu, hujakosea popote. Nota ndefu ya nyuzi huchelewa kufunguka kwa sababu upinde wenyewe huchukua muda kuikamata kamba, ilhali nota ya kudonoa hulia papo hapo. Usiziguse nota. Reaper ina mahali pa kuitanguliza au kuichelewesha chaneli nzima. Zitangulize fidla kwa milisekunde 100 hivi, halafu sikiliza pamoja na selo na uongeze au upunguze kumi kumi hadi zikutane. Klarineti itahitaji pungufu ya hapo, na gitaa la kijana wako liache kama lilivyo, maana ndilo linaloshika mwendo. Hakikisha tu kwamba wimbo hauanzi kwenye sekunde ya sifuri, la sivyo nota ya kwanza ya fidla itakatwa kichwa. Acha baa moja tupu mwanzoni.

Faili jipya nimelisikiliza kwa spika moja jikoni huku nikipika, na nilisahau kwamba nilikuwa nakagua kazi.

FidlaYaUnguja

Mwalimu, ubeti wa pili umenifurahisha kupita nilivyotarajia. Nina ombi na swali. Ombi ni kwamba baa ya 41 klarineti imalize kifungu chake pigo moja kabla ya fidla kuingia, kwa sababu sasa zinakanyagana. Swali ni hili: maharusi wa siku hizi huingia kwa hatua fupi sana, na dakika 3 na sekunde 20 huenda zikaisha wakiwa katikati ya ukumbi. Umeliwaza hilo?

MwalimuWaSolfa

Sikuwa nimeliwaza hata kidogo, hadi nilipokwenda ukumbini jana na kutembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi jukwaani kwa mwendo wa bibi harusi. Nilitumia dakika 4 na nusu, na mlinzi aliyekuwa ananitazama hakuuliza kitu.

Nimeamua baa za 17 hadi 32 zirudiwe mara mbili zaidi. Kwa mwendo wetu kila marudio yanaongeza kama sekunde 46, hivyo jumla itakaribia dakika 5. Ili masikio yasichoke, marudio ya kwanza nimeyaacha kwa gitaa, selo na honi peke yake, na ya pili filimbi inakuja oktavu moja juu, ikiwa na mapumziko ya kuvuta pumzi kila baa mbili. Baa ya 32 nimeifanya iishie kwenye akodi ya sol ili irudi kwenye do bila kishindo, na nimemtengenezea mshereheshaji faili la pili lisilo na marudio, iwapo maharusi wataamua kukimbia. Klarineti ya baa ya 41 nimeshaikata.